Kigari cha Mjane wa Mpima Ardhi

6 Januari

Mdogo wangu,

Simu yako inaita mpaka inachoka, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Karatasi huwezi kuikata. Sisi huku hatujambo. Shangazi bado yuko hapa kwangu, goti lake linamsumbua yeye na mdomo wake unatusumbua sisi. Anakusalimu, anauliza kama bado unainamia saa za watu mpaka shingo imepinda. Mimi tangu nistaafu ukunga nalala mpaka jua linaingia dirishani, halafu naamka sina la kufanya, na hilo linanichosha kuliko zamu zote nilizowahi kufanya wodini. Msalimie sana wifi yangu. Mwambie gauni alilonishonea limekaa vizuri mabegani, kiunoni nimezidi mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nadhani umeshasikia, ndiyo maana hupokei simu. Lile gari dogo la mjane wa mpima ardhi, la milango miwili, lenye rangi ya maziwa, nimelinunua mimi. Liko uani kwangu chini ya turubai. Haliendi, kwa sababu kabureta yake unayo wewe. Mjane amenieleza: ulipokuja kuliangalia ulimwomba uichomoe uondoke nayo. Eti ndiyo kawaida yenu wapenda magari ya zamani, asiye na fedha kamili anachukua kifaa kimoja ili gari lisiuzwe kwa mwingine mpaka arudi. Hukurudi. Basi naomba uifunge kwenye gazeti, uitie ndani ya boksi, umkabidhi dereva wa basi la asubuhi. Nauli ya mzigo juu yangu.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa boksi.

Dada yako


2 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alitufundisha, si kwa sababu imetoka moyoni. Hapa nyumbani wote ni wazima. Mke wangu anashona asubuhi hadi jioni, sare za shule zimejaa chumba chake cha kazi mpaka wateja wanasubiri nje barabarani. Barua yako aliisoma kabla yangu, akaiacha mezani, akaenda jikoni. Hata yeye umemshangaza.

Sasa sikiliza. Picha ya gari la aina ile imekaa ukutani juu ya meza yangu ya kazi tangu siku niliyofungua kibanda cha saa. Kila mteja anaijua. Nilipolikuta kwa yule mjane, hapo hapo mjini kwenu, ni wewe niliyekwambia kwanza. Nilikaa sebuleni kwako, nikanywa chai yako, nikakuelezea kila kitu mpaka mshono wa viti, nawe ukapiga miayo. Ukaniuliza kama hilo ni gari au kopo la maziwa. Leo unaniambia umelinunua?

Mjane naye nimempigia simu. Anasema ulimwambia umetumwa na mimi. Amekuuzia kwa jina langu, dada! Yule mama alikuwa anaitunza ahadi yetu, hajui kuvunja neno, nawe ukaenda ukamchezea shere mlangoni kwake. Umewazalisha nusu ya wanawake wa mji huo, wanakuamini kama dawa, kumbe uongo unautoa mdomoni bila hata kumeza mate.

Hujawahi kuendesha kitu chochote zaidi ya gari la wagonjwa, na hilo uliliendesha mara moja ukagonga lango la hospitali. Unalitakia nini? Nijibu hilo moja tu. Kabureta iko hapa mbele yangu, nimeisafisha, inang'aa. Itakaa hapa mpaka mmoja wetu afe, na mkubwa ni wewe.

Mdogo wako


25 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa ajili ya Shangazi ambaye miwani yake imevunjika. Pale pa lango la hospitali alicheka mpaka akashika mbavu. Hajambo, anakula vizuri. Mti wa jirani umeangukia ukuta wetu wa nyuma, na jirani anasema ukuta ndio uliokuwa mbovu. Macho yako yanaendeleaje? Wifi yangu je? Bado yuko kwenye kile chumba chake cha kazi? Hili la chumba nijibu, usiliruke.

Kabureta kaa nayo. Ivalishe nguo, ilaze kitandani. Fundi wa mtaa wa nyuma, wanamwita Kipara ingawa ana nywele kichwa kizima, amepata nyingine kwenye mabaki ya gari la aina nyingine kabisa, akaibana kwa kipande cha bati na gasketi aliyoikata kwenye boksi la viatu. Najua umeshika kichwa. Kishike.

Kigari kinawaka. Ila kinatoa moshi mweusi, kinakohoa kwenye mlima, na ukikaa ndani harufu ya petroli inakuingia mpaka kwenye nywele. Kipara amebadilisha plagi zote, hajui tatizo. Mengine sina malalamiko. Viti ni imara, usukani mwembamba unashikika vizuri, na hapo kwenye dashibodi wametia kijindoano cha kuvuta, kizuri sana kwa kutundikia mkoba wangu. Watu wa zamani waliwafikiria wanawake.

Umeniuliza nakitakia nini. Nakitaka. Hilo ndilo jibu, na mtu mzima haulizwi mara mbili. Jana nimekiosha mwenyewe, nikagundua taa za mbele zina vijikope vya chuma juu yake. Sikuwahi kuviona. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikavitazama mpaka Shangazi akaja kuangalia kama nimeanguka.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, usihangaike kutafuta sababu nyingine. Macho yangu ni mazima. Mvua imetupiga, paa la kibanda linavuja juu ya droo ya mikanda, na mikanda ya ngozi imeota ukungu. Pole ya ukuta upe ukuta.

Boksi la viatu! Nilipofika hapo nilifunga kibanda, nikatembea mpaka kona, nikarudi. Gari lililotunzwa na mtu mmoja maisha yake yote, akalifunika kila jioni, leo linafungwa kwa boksi la viatu.

Na huo moshi. Dada, najua unatoka wapi. Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Ni jambo la sekunde moja, halihitaji fundi, halihitaji spana, hata Shangazi bila miwani anaweza kulimaliza. Sikwambii. Endelea kununua petroli, endelea kununua plagi, Kipara naye aendelee kukuna hizo nywele zake. Umelinunua kwa jina langu, basi liendeshe kwa akili yako.

Halafu unang'ang'ania habari za chumba cha mke wangu utadhani wewe ndiye mwenye nyumba. Ndiyo, bado yumo. Asingekuwamo. Nilikuwa nimeshaongea na mwenye nyumba kwamba tunakirudisha, na zile cherehani mbili za umeme zilikuwa zimeshapata mnunuzi. Fedha yote ilikuwa inakwenda kwa mjane. Mke wangu angebaki na ile ya zamani ya mguu, angeshonea sebuleni, kuna ubaya gani? Mama alishonea sebuleni akatulea wote. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia. Basi ukaniwahi, mpango wote ukamwagika, na mnunuzi wa cherehani akaenda zake. Furahi.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Shangazi mzima, mimi mzima, na kuna watu wawili wengine wazima ambao leo tungekuwa tumewazika.

Binti wa jirani, yule yule wa mti na ukuta, uchungu ulimshika Jumanne mchana. Teksi haikupatikana. Nikamweka kwenye kiti cha nyuma, nikaondoka. Katikati ya mlima wa kwenda hospitali kigari kikakohoa, kikatoa wingu jeusi, kikazima. Nawasha, kinakataa. Nawasha, kinakataa. Nimezalisha maisha yangu yote nikiwa na taa, maji ya moto na meza. Siku hiyo nilizalisha nimepiga magoti kwenye kiti cha mbele nikitazama nyuma, malori yanapita yakitupigia honi. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingoni. Nikakitoa. Akakaa kimya, halafu akalia. Nikamfunga kwenye kanga yangu, nikamlaza kifuani kwa mama yake.

Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia akaingiza kichwa dirishani, akanusa. Akauondoa mkoba wangu, akasukuma kile kijindoano ndani. "Mama, hii ni choki," akasema. "Inavutwa asubuhi, injini ikiwa baridi, halafu inarudishwa. Wewe umeitundikia mzigo. Unainywesha petroli mpaka inazama." Tukangoja kidogo, akawasha, kikawaka.

Jambo la sekunde moja. Ndivyo ulivyoandika. Niliposoma nilicheka, nikamwambia Shangazi kwamba kijana wake ana roho ya korosho. Sasa sicheki. Ulikaa kwenye kiti chako, umevaa ile lenzi yako ya jicho moja, ukijua kwamba dada yako anazunguka mjini ndani ya harufu ya petroli, ukaona ni mchezo.

Sikiliza vizuri. Kulikuwa na siku ambayo ungeniomba kwa heshima ningekuachia. Siku hiyo imepita. Damu kwenye kile kiti nimeisugua mimi. Plagi natoa mwenyewe, nasafisha mwenyewe, ya tatu ina kiburi lakini tunaelewana. Naijua sauti ya injini ikiwa na kiu. Nakipenda kigari hiki, na sijawahi kusema hivyo juu ya kitu cha chuma. Hukipati ng'o.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Binti wa jirani mpe pole, na mtoto wake mpe hongera. Sikujua kama utambeba mjamzito. Nilidhani utabeba vitunguu. Ni hayo tu, usitegemee nikuongezee.

Mke wangu ameniambia. Ilikuwa ni hiyo barua yako ya mlimani. Niliisoma mezani tukiwa tunakula, nikasema kwamba dada yangu ni mwizi, na sasa anataka mwizi apewe pole. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Si mwizi. Mimi ndiye niliyemwomba."

Kumbe mwenye nyumba alimdokezea habari za chumba. Akaogopa kuniuliza mimi, mume wake, akakupigia simu wewe. Akakusihi ulinunue gari kabla yangu, ili nisiwe tena na sababu ya kuuza cherehani zake. Nawe ukatoa kiinua mgongo chako, ukaenda ukamdanganya mjane, na miezi yote hii umekaa kimya unatukanwa kana kwamba hukuwa na sababu.

Unadhani nitakushukuru? Ungelinunua kwa tamaa ningekusamehe. Tamaa naijua, nimelala nayo kitanda kimoja. Wewe ulinunua kitu ambacho hukukitaka, ili mimi ninayekitaka nisikipate. Wanawake wawili mlikaa kwenye simu mkaamua kwamba mimi ni mtoto wa kufichiwa kiberiti. Na baada ya kunificha, wewe ukaanza kukichezea!

Nilimwambia mke wangu maneno ambayo hapa siyaandiki. Ijumaa nilirudi kutoka kibandani nikakuta cherehani moja ya umeme haipo, na yeye hayupo. Chumba amekirudisha mwenyewe kwa mwenye nyumba. Nimeulizia kwa ndugu zake, wananijibu kwa mkato. Nguo za wateja zimebaki kwenye kamba, wanakuja kunidai mimi sketi.

Yuko kwako? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Yuko hapa. Alifika na cherehani mapajani, hakulia njiani wala hajalia hapa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Anashonea kwenye meza yangu ya chakula. Shangazi amempa chumba chake, amehamia kwangu, anakoroma.

Kwa hayo mengine yote una haki ya kukasirika. Nilidanganya, nilinyamaza, na halafu nikanogewa. Kwa hilo la mwisho, hata mkeo aliniomba nikuachie kigari. Mwezi wa tano, nyumba yenu ilipoanza kuwaka moto, alinipigia tena akasema, "Mwachie tu, wifi, nimechoka." Nilimjibu kwamba nitafikiri. Sikufikiri.

Simu yako hataki kuipokea. Nimemwomba akusikilize mara moja, uso kwa uso, amekubali kwa shida. Njoo Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, alasiri. Usilete zawadi, usilete wazee. Lete mdomo wako, na kwa mara ya kwanza maishani uutumie vizuri. Asiposikia anachongojea, harudi tena kwako. Ameniambia hivyo akiwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, na uzi uliingia mara moja.

Dada yako


2 Agosti

Dada,

Nilikuja. Nilipanda basi la asubuhi, nikavaa lile koti la kijivu alilonishonea yeye mwenyewe, la kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Jirani yangu kwenye kiti alidhani nasali.

Nilibisha hodi mpaka vidole vikauma. Niliita kwa jina lake, nikaita kwa jina lako, nikamwita mpaka Shangazi. Pazia lilicheza, nililiona kwa macho yangu haya, usinifanye mjinga. Jirani yako akatoka na mtoto begani akanitazama utadhani nimekuja kuwaibia kuku. Hakuna aliyefungua. Nilikaa kizingitini mpaka saa ya basi la mwisho.

Mliniita ili mnicheke? Nilikuja kuomba msamaha, dada. Mimi, ambaye unanijua. Maneno yalikuwa mdomoni, yote, kuanzia cherehani mpaka yale niliyomwambia mezani. Ningeyasema kwa magoti kama angetaka. Mkayaacha yaozee hapo mlangoni. Nataka maelezo, na nayataka kwa maandishi yako.

Mdogo wako


15 Agosti

Mdogo wangu,

Shangazi anakusalimu. Umetaka maelezo, haya hapa.

Tulikuona tangu ulipoingia langoni. Tulikuwa dirishani sisi wawili, yeye ameshavaa, ameshachana nywele, mkono mmoja kwenye pazia na mwingine kwenye komeo la mlango, ameshalivuta nusu. Akasema, "Amevaa koti langu." Alilisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike.

Kigari kilikuwa pale pale kati ya lango na mlango. Ulikipita. Nilikuona ukikipita, nikasema moyoni, kumbe mdogo wangu ni mwanamume. Halafu ukasimama, ukarudi. Ukakizunguka. Ukainama ukachungulia magurudumu. Ukainua boneti, ukaiona kazi ya Kipara, ukatikisa kichwa kama daktari. Ukavua koti. Nilidhani unalitundika. Ukalitandaza chini kwenye vumbi na mafuta, ukalala juu yake, ukaingia chini ya injini. Ulipotoka ukachukua spana yangu ya plagi iliyokuwa kando ya injini, ukaanza kutoa plagi moja baada ya nyingine, unazipangusa kwa tai, unazipuliza, unazirudisha. Ulikuwa unapiga mluzi, mdogo wangu. Mlango ulikuja kuubisha baadaye, mikono ikiwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Ningeishia hapa ningekuwa nimekushinda, na Mungu anajua nilitaka kuishia hapa. Barua ya kwanza niliyoandika niliishia hapa. Nikaichana.

Ulipokuwa chini ya injini mkeo aligeuka akaniangalia. Hakuwa ameamua. Komeo lilikuwa bado liko nusu. Alikuwa anangoja nifanye kitu: nikuite, nikufokee, nitoke nikuvute sikio nikulete mbele yake, kama nilivyokuwa nakuvuta zamani. Mimi nilikuwa nimebandika uso kwenye kioo. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, usimfungulie, yuko kwenye plagi ya tatu. Ile ndiyo inayosumbua."

Alicheka kidogo, na hakikuwa kicheko. Akasema, "Wifi, kumbe mko wawili." Akalirudisha komeo mpaka mwisho. Ulipobisha, nilitaka kuuendea mlango, akanitazama, nikarudi dirishani. Ulipoita jina lake alikuwa ameshakaa kwenye cherehani anamalizia pindo.

Kigari tangu siku ile kinawaka mara moja, hakitoi hata ule moshi kidogo uliobaki, kinapanda mlima bila kukohoa. Ni kazi safi. Sijawahi kukiendesha kikiwa kizuri namna hii, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Jana asubuhi alifunga cherehani yake kwenye shuka. Amepanga chumba mahali, hakusema wapi, na nilipouliza alinishukuru kwa meza. Nilichukua ufunguo, nikamwambia nitampeleka, haijalishi ni mbali kiasi gani. Akasema hapana. Akamwita mtu wa mkokoteni, wakapakia cherehani, akatembea nyuma yake mpaka wakakata kona.

Dada yako